Magoti mawili, njia mbili: la kawaida, la roboti, na mengine ambayo sikuambiwa

Watu wakisikia kwamba nimebadilishwa magoti yote mawili, la kulia kwa njia ya kawaida na la kushoto kwa msaada wa roboti, swali huwa ni moja: lipi bora? Anayeuliza mara nyingi naye ana goti linalomnyima usingizi, na ameshasikia kwamba siku hizi roboti ndiyo mpango mzima. Jibu langu humpunguza kasi kidogo. Leo nikitembea sioni tofauti. Hata makovu yanafanana, isipokuwa upande wa kushoto kuna vidoa vidogo pale pini zilipoingia.

Ila kufika hapa hakukufanana hata kidogo, na sababu nyingi za kutofautiana huko hazihusiani na mashine. Ndizo ninazotaka kuziandika.

Magoti yangu yalianza kwa kukakamaa asubuhi, yakaja kuuma kwenye ngazi, hasa kushuka, mwisho yakawa yanauma hata nimelala. Nilipitishwa hatua zote: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, vidonge, sindano ndani ya kiungo. Zilinivusha miaka kadhaa na nashukuru nilizianza, kwa sababu mfupa ukishakatwa umekatwa. Daktari bingwa wa mifupa aliyeniona kwanza aliangalia eksirei, kisha akaiweka pembeni. Unalala? Unatembea kwa muda gani kabla hujatafuta pa kukaa? Umeacha kufanya nini ulichokuwa ukikipenda? Picha ilionyesha gegedu limekwisha upande wa ndani, mfupa unasaga mfupa, lakini akasema picha mbaya peke yake haimpeleki mtu chumba cha upasuaji. Wapo wenye picha mbaya kuliko yangu wanaotembea na kucheka.

Goti la kulia lilifanywa kwa njia ya kawaida kwa sababu hospitali ile haikuwa na roboti. Basi. Sikuchagua chochote.

Katika njia hiyo daktari hufungua goti, huingiza fimbo ya chuma ndani ya mfupa wa paja ili apate mwelekeo, kisha hufunga juu ya mfupa vielekezo vya chuma vyenye upenyo wa kupitisha msumeno. Hukata sehemu zilizoharibika, hupima kama kano za pembeni zimekaza sawasawa goti likiwa limekunjwa na likiwa limenyooka, halafu hubandika vipande vya chuma, mara nyingi kwa saruji ya mifupa, na katikati huweka plastiki ngumu. Ni kazi ya jicho, mkono na mazoea. Wanaoifanya kila wiki wanaifanya vizuri sana.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, na nyingine pajani ya kutuliza neva za goti. Jioni nilijisikia vizuri mno. Nilipokea simu za ndugu na kuwaambia wasiwe na wasiwasi, hakuna maumivu kabisa. Usiku ganzi ikaisha. Sitaki kumtisha mtu, lakini maumivu yale yalinifanya nishike chuma cha kitanda na kuuliza ni nani aliyenishauri jambo hili. Hospitalini pale hakuna aliyenieleza kwamba dawa za maumivu zinatakiwa ziwe zimeshaingia mwilini kabla ganzi haijaisha. Zilikuja baadaye, zikawa zinayakimbiza maumivu bila kuyafikia mpaka kulipokucha. Kwa hiyo muulize muuguzi mapema kabisa: ganzi hii inaisha lini, na dozi yangu ya kwanza ni saa ngapi?

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibikia. Binti yangu, kwa huruma yake, aliniwekea mto laini chini ya goti. Raha yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa goti lililovimba hupenda kukaa limekunjwa kidogo. Nikawa nalala hivyo mchana na usiku. Mtaalamu wa fiziotherapia alipokuja, kijana mpole ila hana mchezo, aliutazama ule mto kabla hajanitazama mimi.

“Mama, huo mto utoke leo.”

Akaeleza kwamba goti likizoea kukaa limekunjwa, makovu ya ndani hujifunga hivyo hivyo, na asiyeweza kulinyoosha goti atachechemea hata kama upasuaji wake ulikuwa safi. Mto akauhamishia chini ya kisigino, goti likabaki hewani, likijinyoosha kwa uzito wake lenyewe. Iliuma kuliko kutembea. Kisha akatoa kipimo chake, rula mbili za plastiki zilizounganishwa kwa msumari katikati. Moja akailaza kwenye paja, nyingine kwenye muundi, akaniambia nivute kisigino kuelekea makalioni. Nilivuta mpaka jasho likanitoka puani. Akasoma namba kimya kimya, akaiandika, akasema tutaendelea kesho. Nikajua si namba nzuri.

Wiki ya sita nilikuwa bado sijafika digrii 90, ambazo ndizo kiasi unachohitaji kukaa kitini bila kutupa mguu mbele. Hapo daktari akanieleza uwezekano wa kurudishwa chumba cha upasuaji, nilazwe kwa ganzi, yeye alikunje goti kwa nguvu ili aachanishe makovu ya ndani. Jambo hilo likihitajika hufanywa zaidi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kabla makovu hayajakomaa. Sikuwa tayari kulisikia. Nililia njia nzima.

Sikufikishwa huko. Kilichoniokoa ni vitu vidogo ambavyo sasa namwambia kila mtu: kumeza dawa ya maumivu kama nusu saa au zaidi kabla ya mazoezi, kufanya mazoezi mafupi mara nyingi kwa siku badala ya kikao kimoja cha mateso, barafu iliyofungwa kwenye taulo mara baada ya kumaliza, na kulala chali mguu ukiwa juu kuliko moyo ili uvimbe ushuke. Goti lililovimba halikunjiki, hata ukaze meno vipi. Nilikuwa naupigania mkunjo huku nimeusahau uvimbe. Polepole likafungua.

Wiki zile zina upande mwingine ambao watu hawausemi. Usingizi hupotea. Hamu ya kula hupotea. Unakaa unatazama mguu wenye rangi ya zambarau kutoka pajani hadi kifundoni, unajiuliza kama umelipa pesa nyingi ili uharibiwe. Nilikuja kujua baadaye kwamba majuto ya wiki za mwanzo ni ya kawaida sana, na kwa wengi hupita. Si kwa wote. Utafiti mkubwa wa Kanada uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hakuridhika na goti lake jipya. Mmoja kati ya watano! Kabla ya kisu hakuna aliyenitajia hilo, na takwimu hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuuza roboti: wanasema watano wote wataridhika sasa.

Ndiyo maana goti la kushoto lilipofika mwisho wake, nilikwenda hospitali nyingine yenye roboti nikiwa na matumaini makubwa, na bahasha kubwa zaidi. Mabango yao ukutani yalikuwa na mkono mweupe wa chuma na maneno kama “usahihi” na “kupona haraka”. Daktari mwenyewe alikuwa mkweli kuliko mabango yake. Aliniambia jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba roboti hii haipasui mtu. Yeye ndiye anayefungua goti, yeye ndiye anayeshika msumeno.

Kwanza nilipigwa picha ya CT ya mguu mzima, kompyuta ikajenga umbo la goti langu, na daktari akapanga humo ni kiasi gani akate na vipande vipya vikae wapi. (Mifumo mingine haihitaji CT, hupima mfupa goti likiwa tayari limefunguliwa. Uliza, maana CT ni mionzi ya ziada na ni bili ya ziada.) Siku ya upasuaji pini huingizwa kwenye mfupa wa paja na wa muundi, na juu ya pini hufungwa vialama ambavyo kamera huviona, ili mashine ijue mguu uko wapi kila unaposogezwa. Kisha mkono wa roboti hushikilia msumeno pamoja na daktari, na akielekea nje ya mpaka aliouchora, humkatalia. Daktari aliifananisha na kingo za daraja: dereva ni wewe, ila huwezi kuangukia mtoni.

Nikamuuliza swali lililonipeleka pale. Je, nitapona vizuri zaidi kuliko goti la kulia?

Alisema mambo matatu, na nimeyathibitisha baadaye kwa kusoma na mpwa wangu ambaye ni muuguzi. La kwanza, kwenye kukata kwa usahihi roboti inashinda: magoti machache zaidi hukaa nje ya mstari uliopangwa. Hilo halina ubishi mkubwa. La pili, usahihi wa mstari si sawa na mgonjwa kujisikia vizuri. Tangu mwaka 2010 Mayo Clinic ya Marekani ilichapisha ufuatiliaji wa miaka 15 wa magoti 398 yaliyofanywa kwa njia ya kawaida, na yale yaliyonyooka ndani ya digrii 3 za mstari unaokubalika hayakudumu zaidi ya yale yaliyokuwa nje yake. La tatu, siku za mwanzo huenda zikawa nafuu. Kuna utafiti wa London wa mwaka 2018, wagonjwa 40 kwa njia ya kawaida wakifuatiwa na 40 kwa roboti, daktari yule yule. Wa roboti walikuwa na maumivu kidogo na waliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya saa 77, wenzao saa 105. Akaongeza kwamba wagonjwa hao hawakupangwa kwa kura. Wa kawaida walitangulia, wa roboti wakafuata. Neno hilo nalikumbuka kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo, kwa magoti yangu mwenyewe.

Utafiti uliopangwa kwa kura na kufuatiliwa muda mrefu ni wa Korea Kusini, uliochapishwa mwaka 2020. Wagonjwa chini ya miaka 65, zaidi ya miaka 10 ya kufuatiliwa, na mwisho wake hakukuwa na tofauti katika alama za utendaji, wala kulegea kwa goti, wala muda wa kudumu: asilimia 98 ya magoti ya pande zote mbili yalikuwa bado mazima baada ya miaka 15. Wapenda roboti husema ile ilikuwa mashine ya kizazi cha zamani iliyokata yenyewe, na ni kweli. Hizi za kumshika daktari mkono ziliruhusiwa kwa goti zima huko Marekani mwaka 2015 tu, kwa hiyo miaka 15 yake haijatimia.

Mpwa wangu alichimbua na utafiti mwingine ulionifurahisha, wa Korea vile vile, wa mwaka 2011. Watu 30, kila mmoja goti moja kwa roboti na jingine kwa njia ya kawaida, siku moja. Goti la roboti lilinyooka vizuri zaidi kwenye picha na lilitoka damu kidogo, lakini upasuaji ulichukua muda mrefu zaidi, na walipofuatiliwa mkunjo na alama za magoti hayo mawili hazikupishana kwa maana. Nilipousoma nilikuwa nimeshafanyiwa yangu. Ningeupata mapema, labda bahasha ingebaki na kitu.

Bado nilikwenda na roboti, sitaficha. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda nje kuliko wa kulia, na daktari huyu alikuwa akifanya magoti mengi kila wiki, kwa roboti na bila roboti. Hilo la pili lilinipa amani kuliko lile la kwanza.

Sasa matokeo. Usiku wa kwanza ulikuwa mwepesi mno ukilinganisha na ule wa kulia. Nilitembea na fremu mapema, digrii 90 nilizipita kabla ya wiki ya tatu kuisha, magongo nikayaacha mapema pia. Ungeniuliza wakati huo ningekuapia kwamba ni roboti. Lakini tazama vingine vilivyobadilika. Dawa za maumivu zilianza kwa saa, ganzi ikiwa bado inafanya kazi. Misuli ya paja niliitayarisha wiki nyingi kabla. Barafu ilikuwa tayari kwenye friji, kiti cha choo kimeinuliwa, mazulia yameondolewa njiani, kiti chenye mikono kimewekwa karibu na dirisha. Hapakuwa na mto chini ya goti. Na mimi mwenyewe sikuwa na hofu ile, nilijua wiki ya tatu inauma na kwamba inapita. Ukiniambia nigawanye sifa, roboti nitaipa kidogo, ila sijui nikate wapi.

Kulikuwa na gharama zake pia, za mwili na za mfuko. Upasuaji ulichukua muda mrefu zaidi. Tundu moja la pini kwenye muundi lilitoa majimaji kwa siku kadhaa, likanipa wasiwasi wa maambukizi mpaka lilipokauka, na muundi uliuma mahali ambapo upande wa kulia haukuwahi kuuma. Mara chache sana mfupa huweza hata kuvunjika kwenye tundu la pini, kwa hiyo maumivu makali ya ghafla hapo si ya kuvumilia kimya. Halafu bili: makadirio niliyopewa hayakuwa na kipimo cha CT wala vifaa vya roboti vinavyotumika mara moja na kutupwa. Niliviona siku ya kutoka, nikiwa na magongo mkononi, binti yangu akiwa amesimama dirishani anahesabu. Dai makadirio yaliyoandikwa, kila kitu kwa mstari wake, na uulize kama bima inalipa nyongeza ya roboti. Nyingi hulipia goti tu.

Mwaka ulipotimia nilijaza dodoso la maswali 12 la goti, lile la Oxford lenye alama za juu 48, mara mbili, kila goti lake. Yalipishana kwa alama moja. Daktari akacheka, kwa sababu tofauti isiyofika alama 5 hivi haihesabiwi kuwa kitu mgonjwa anachokihisi. Goti lililonitoa machozi na goti la bango yalikuwa yamekutana njiani.

Kwa hiyo nikikaa na mtu anayejiandaa, roboti naiongelea mwishoni. Kwanza namuuliza kama anajua daktari wake anafanya magoti mangapi kwa mwaka, maana mkono uliozoea ni kinga ambayo haina tangazo. Namuuliza kama sukari yake imeshuka, kama sigara imeachwa, kama meno mabovu yametibiwa, kwa sababu maambukizi ndani ya goti bandia ni balaa linaloweza kulazimisha lifunguliwe tena. Namuuliza fiziotherapia baada ya kutoka italipiwa na nani na itafanyika wapi. Nimeona watu wamemaliza fedha zote kwenye chumba cha upasuaji wakabaki na karatasi ya michoro ya mazoezi. Ngazi namfundisha papo hapo: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza uliofanyiwa. Na namwambia shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, kifua kikibana au pumzi ikikata, asisubiri kesho, kwa sababu damu iliyoganda haisubiri.

Akiwa bado anataka roboti, namwambia aulize mashine ikigoma katikati itakuwaje. Jibu sahihi ni kwamba vielekezo vya kawaida viko tayari pale pale na daktari anavijua. Akisita kulijibu hilo, mimi ningeondoka.

Vipo vitu ambavyo havikujali njia iliyotumika. Magoti yote mawili yalibaki ya moto kwa miezi. Yote mawili hugonga kwa ndani, chuma kwa plastiki, hasa nikikaa haraka. Majirani hawasikii, ila mimi nasikia. Ngozi ya upande wa nje wa kovu imekufa ganzi pande zote mbili, kwa sababu tawi dogo la neva hukatwa kisu kinapopita, na hilo halina roboti. Na kupiga magoti sakafuni ndiko kulikonishinda. Madaktari wote wawili wanasema siwezi kuharibu kitu nikipiga, ila ni kama kusimama juu ya kokoto kwa ngozi isiyojijua. Kitu kikiingia chini ya kitanda nakivuta kwa ufagio.